MSHIPI UKATIKE UNAPOTAKA WEWE

(Maneno ya mzee mmoja wa kundi la wavuvi wa mshipi mbele ya mkutano wa wanachama. Katibu ameyaandika kwa ajili ya wale waliokuwa baharini siku hiyo. Tafadhali karatasi hii isichanwe, wengine hawajasoma.)



Nimeombwa niseme machache kabla Kamati haijatoa fedha za kununua mishipi ya duka letu. Nimesikia maneno mengi huko nje. Wapo wanaosema tununue mshipi mnene tu, wa milimeta 1, kwa kuwa huo haukatiki. Na vijana wanasema tununue mwembamba tu, kwa kuwa samaki hauoni. Mimi nasema kila upande umeshika nusu ya neno.

Hebu tulifungue daftari la madeni. Majina ni yale yale kila mwezi, na vitu ni vile vile: ndoana, risasi, mshipi. Si kwamba samaki wametushinda. Tunakopa kwa sababu tunaziacha zana zetu mwambani, halafu tunarudi dukani kukopa nyingine. Samaki tunayemuuza leo analipa ndoana iliyopotea jana. Hapo mvuvi anafanya kazi ya nani? Anaufanyia kazi mwamba.

Basi neno langu la leo ni moja. Kila mshipi utakatika siku moja. Kazi ya mvuvi ni kuchagua ukatike wapi. Usipochagua wewe, mwamba utakuchagulia, nao hauna huruma.

KWANZA, TUJUE TUNAVUA WAPI

Kuvua chini si kuvua pahali pamoja. Chewa anakaa ndani ya tundu la mwamba. Akila chambo hatembei, anageuka arudi nyumbani. Ukimpa nafasi ya pima moja tu, huyo keshaingia, na mshipi unasuguana na matumbawe kama kamba kwenye msumeno. Changu naye anazungukazunguka mchangani na kwenye majani karibu na mwamba, anatafuta kaa na konokono. Anaonja, anaacha, anarudi tena. Akiuhisi uzito, anakwenda zake.

Sasa mtu anatoka nyumbani na mshipi mmoja kwa wote wawili, kisha anarudi mikono mitupu anasema ana gundu. Gundu gani? Zana hazikulingana na pahali.

PILI, MSHIPI WENYEWE

Baba zetu walivua kwa mshipi wa pamba, wakiuloweka katika maji ya magome ya mkoko ili usioze upesi. Nailoni ilitengenezwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1935, na ilipotufikia tuliipokea kwa furaha, maana haiozi. Lakini kutooza kwake kuna pande mbili. Mshipi unaouacha mwambani leo utakaa pale miaka mingi, unanasa kasa, samaki na ndoana za wenzio.

Mshipi wa 1 una nguvu. Ukiongeza unene mara mbili, nguvu huongezeka kiasi cha mara nne. Wa 0.50 hubeba kiasi cha kilo 15, na wa 1.00 hubeba kilo 50 na zaidi, hutegemea kiwanda. Mbona basi tusinunue huo tu? Kwa sababu ya mkondo. Maji yanausukuma mshipi mnene mpaka unafanya tumbo, chubwi linanyanyuka, na wewe unadhani uko chini kumbe unaelea. Inabidi uongeze uzito. Uzito ukiongezeka, changu hali. Na ukikwama na mshipi wa kilo 50, utaukata kwa nini? Nimeona ngalawa inavutwa ubavu kwa ubishi wa namna hiyo.

Upo na huu wa kusokotwa, unaofanana na uzi. Huo haunyumbuki, hata samaki akidonoa pima 30 chini unasikia. Lakini matumbawe hulikata upesi sokoto lake, na mkono hali kadhalika. Anayeutumia aweke pima kadhaa za nailoni upande wa chini.

Na mshipi una umri, ndugu zangu. Jua linaula. Mimi mwenyewe kusi moja nilitundika mshipi wangu juani, juu ya paa la ukuti, miezi yote ya upepo. Bahari ilipotulia niliushusha nikaenda nao. Nikapata chewa, nikamwona kwa macho yangu chini ya ngalawa, mkubwa. Ukakatika karibu na mkono wangu, si karibu na ndoana. Nilikuwa nimeshaahidi nyumbani sare ya shule ya mjukuu. Usiku nikauvuta ule mshipi kwa mikono, ukakatika kama uzi wa kushonea. Sikulogwa na mtu. Ulikuwa uzembe wangu. Wekeni mishipi kivulini, na kila safari pitisheni pima 5 za chini kati ya vidole. Pakikwaruza, kata, tupa kwenye kapu, siyo baharini.

TATU, KIUNGO NA NDOANA

Kiungo ni kile kipande kinachoshika ndoana, cha urefu wa pima moja hivi. Mwambani kiungo kiwe kinene kuliko mshipi mkuu, kwa sababu ndicho kinachosuguliwa na jiwe na meno. Mchangani kiwe chembamba kuliko mshipi mkuu, kwa sababu hapo adui si jiwe, adui ni macho ya changu.

Ndoana nazo msichanganyikiwe na namba. Namba 10 ni ndogo kuliko namba 7. Namba ikipanda, ndoana inashuka. Kwa chewa tumia kubwa. Ndoana ndogo mwambani huleta chewa wachanga, na hao tuwaache. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na wakikua baadhi yao hugeuka madume. Tukimaliza wadogo hatutapata majike wala madume.

Wanaotumia ndoana iliyopinda ikarudi ndani wasiidake kwa nguvu samaki anapokula. Vuta polepole bila kulegeza, yenyewe itashika pembeni mwa mdomo.

NNE, CHUBWI

Hapa ndipo tunapopoteza mali nyingi, maana kinachokwama zaidi ni chubwi kuliko ndoana.

Ukivua mwambani, chubwi liwe chini kabisa, na ndoana itoke ubavuni, juu yake kiasi cha dhiraa moja. Lakini chubwi usilifunge kwa mshipi mkuu! Lifunge kwa kipande chembamba, 0.40, au mshipi mkuukuu. Likikwama, unavuta, kile kipande kinakatika, unapoteza jiwe, unarudi na ndoana yako, na samaki kama yupo. Ndiyo maana ya maneno yangu ya mwanzo. Na kwa kuwa umekubali kulipoteza, lisiwe la gharama. Jiwe lenye kiuno, kipande cha nondo, plagi iliyokufa ya mashine, vyote vinazama.

Ukivua mchangani, tumia chubwi lenye tundu, lipite kwenye mshipi mkuu, lizuiliwe na kipete pale kiungo kinapoanzia. Changu akivuta chambo, mshipi unateleza ndani ya tundu, hausikii uzito. Akija kushtuka, ndoana imo.

Uzito ni ule mdogo kabisa unaokaa chini. Siku za maji mafu jiwe dogo linatosha. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mkondo una nguvu, na kama unahitaji tofali ili ufike chini, basi ngoja maji yasimame kidogo.

TANO, FUNDO

Fundo ndilo pahali dhaifu kuliko pote. Fundo la kawaida, lile la kufungia mzigo, hupunguza nguvu ya nailoni karibu nusu. Ukinunua kilo 30 ukafunga hivyo, umebaki na 15 hivi. Fanyeni hivi: pitisha ncha katika tundu la ndoana, izungushe mara 5 kwenye mshipi wenyewe, irudishe katika kitanzi kilicho karibu na ndoana, kisha katika kile kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Lowesha kwa mate. Vuta polepole. Ukivuta kavu na kwa haraka, mshipi unapata moto na kuungua, wewe huoni. Halafu lijaribu fundo ukiwa ufukweni, usingoje samaki alijaribu.

SITA, MKONO

Kidole hiki mnakiona kimepinda. Nilizungusha mshipi mkononi ili nipumzike, nikangoja changu, akaja kolekole. Nilibahatika mwenzangu alikuwa na kisu. Msizungushe mshipi mkononi wala mguuni, hata kwa dakika moja. Vaeni ngozi ya vidole iliyokatwa katika mpira wa baiskeli, na kisu kiwe karibu, siyo chini ya matanga.

OMBI LANGU KWA KAMATI

Tusinunue wa aina moja. Naomba tununue mshipi wa 0.80 kwa wanaovua mwambani na wa 0.60 kwa wanaovua mchangani, hiyo iwe ndiyo mishipi mikuu. Wa 1.00 tununue kidogo kwa viungo vya mwambani, wa 0.50 kidogo kwa viungo vya mchangani, na wa 0.40 kidogo sana kwa kufungia machubwi. Viungo viuzwe kwa pima, mtu asilazimike kununua gurudumu zima kwa ajili ya pima mbili. Na risasi tupunguze. Mawe Mungu ametupa bure.

Kisha katika daftari tuweke safu moja zaidi: zana iliyopotea, na ilipotea wapi. Baada ya kusi moja tutajua kama maneno yangu ni ya kweli au ni ya mzee anayependa kusikilizwa.

MASWALI

Mama mmoja aliuliza: "Mzee, wanangu wanavunja betri kuukuu za gari wanayeyusha risasi kwa sufuria yangu ya mchuzi. Nikisafisha vizuri, si basi?"

Jibu: Hapana, mwanangu. Risasi ni sumu, na mtoto inamdhuru zaidi, inamharibia akili na damu. Moshi wake na vumbi lake vyote vibaya. Sufuria hiyo isirudi jikoni hata ukiisugua kwa mchanga wiki nzima. Na nyinyi vijana, acheni tabia ya kuibana risasi kwa meno. Nawanieni mikono kabla ya kula. Ndiyo sababu nyingine ninayosema tutumie mawe na nondo.

Kijana mmoja aliuliza: "Babu, kufunga vitu vyote hivyo si kupoteza wakati, wenzio wameshatweka?"

Jibu: Funga jana yake jioni. Andaa viungo 6, vizungushe kwenye kipande cha ndara, na mawe yako 10 yameshafungwa ugwe. Ukikata baharini unaunga kiungo kingine tu. Anayefunga fundo ngalawa ikiyumba hufunga fundo la haraka, na la haraka ndilo linalompa chewa uhuru.

Mwenyekiti aliuliza kama mzee yuko tayari kufundisha fundo. Mzee alijibu kwamba atakaa chini ya mkungu karibu na duka kila siku baada ya swala ya alasiri mpaka bamvua lijalo, na atakayekuja aje na mshipi wake mwenyewe. Kamati imepokea ombi la mishipi na itatoa uamuzi katika kikao kijacho. Safu mpya ya zana zilizopotea imeanza kuandikwa katika daftari.

Waliosoma wawaelezee wasiojua kusoma.