Mazoezi ya Viungo kwa Watoto Wenye Usonji
(Hotuba iliyotolewa kwenye semina ya kamati za parokia)





Tunapotembelea kaya, mtoto mwenye usonji mara nyingi tunamkuta ndani, mlango umefungwa kwa komeo. Mama si mkatili. Mtoto akitoka hukimbia bila kuangalia magari, au huelekea kwenye maji, na hajui kuita msaada. Naye mama lazima aende sokoni. Afanyeje? Lakini mtoto aliyeshinda amefungiwa usiku halali, na mama naye halali.

Usonji si laana, wala hautokani na malezi mabaya. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo. Wengi wa watoto hawa wana shida ya kujimudu kimwili: kupanda ngazi, kudaka mpira. Mpira wa timu huwashinda kwa sababu ya kelele, sheria nyingi na kusukumana, nasi tunadhani hawapendi michezo.

Tuanze na mambo ya kujirudia: kutembea njia ileile, kuruka kamba, kusukuma tairi, kubeba ndoo yenye maji nusu, kurushiana mpira na mtu mmoja. Iwe saa ileile, mahali palepale, kwani mabadiliko ya ghafla huwasumbua. Maneno yawe machache, onyesheni kwa vitendo. Filimbi iacheni nyumbani; wengi huumizwa na sauti kali.

Mazoezi hayaponyi usonji, na atakayewaambia hivyo anawadanganya. Tafiti zimeonyesha kwamba huimarisha viungo na, kwa muda, hupunguza kule kujipungapunga na kujitikisa. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wa dakika 60 kwa siku kwa watoto wa miaka 5 hadi 17, wenye ulemavu wakiwemo. Sisi tuanze hata na 10.

Viwanja vyetu vya kanisa vina ukuta na geti. Mwaka jana kamati moja ilitukatalia, eti watoto wangeharibu maua. (Maua nami nayapenda.) Tunaomba Jumamosi, saa 2 hadi saa 4 asubuhi, geti likiwa limefungwa, na kijana mmoja aliyefundishwa kwa kila mtoto. Wafadhili, hatuombi mashine. Matairi makuukuu tunayo. Tunaomba nauli ya mama na mtoto.

Parokia zilizo tayari zijiandikishe kwa katibu kabla ya chakula cha mchana.