Kinu cha Upepo Juu ya Mabati



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo linaloonekana dogo, lakini ambalo katika kituo cha mpakani laweza kuamua kama taarifa ya usiku itafika makao makuu au haitafika. Jambo hilo ni umeme wa kuchajia betri za simu ya upepo, na hasa lile wazo lililoenea siku hizi la kununua kinu kidogo cha upepo na kukifunga juu ya paa la bati.

Wazo hilo halikuzuka bure. Mwezi Julai 2019 jirani zetu wa Kenya walizindua, karibu na Loiyangalani katika nchi kavu ya Ziwa Turkana, vinu 365 vyenye uwezo wa megawati 310. Kabla ya hapo, tangu 1993, walikuwa wameanza kuvuna upepo katika vilima vya Ngong. Askari wetu walio Karamoja, ng'ambo ya mpaka huo huo, wanapoona vumbi la kiangazi likipeperushwa mchana kutwa, huuliza: ikiwa upepo unawasha taa za jirani, kwa nini kituo chetu kilale gizani? Swali hilo ni la haki, nalo linastahili jibu la haki.

Jibu la kwanza ni kwamba upepo haulingani. Upepo wa Turkana hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, ukapita kwa kasi kama maji yapitayo katika mfereji mwembamba. Sehemu nyingi za Uganda, zikiwa karibu na ardhi, hupata upepo wa wastani wa mita 2 hadi 4 tu kwa sekunde. Karamoja na miteremko ya Mlima Elgon hupata zaidi. Tofauti hiyo si ndogo hata kidogo, kwa sababu kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu yake huzidi mara nane. Kinu chenye mapanga ya kipenyo cha mita 1 hutoa wati 3 hivi upepo ukiwa wa mita 3 kwa sekunde, na wati 24 hivi ukiwa wa mita 6. Tena vinu vingi vidogo havianzi kutoa umeme mpaka upepo umefikia mita 3 au 4. Kinu kimoja cha Turkana, kwa upande wake, kina mapanga ya kipenyo cha mita 52. Kulinganisha viwili hivyo ni kulinganisha mtumbwi na meli.

Jibu la pili lahusu paa lenyewe. Upepo unapogonga ukuta na kupanda juu ya paa, huvurugika na kujizungusha. Kinu kilichofungwa hapo hugeuka huku na huku kikitafuta upepo, nacho huchakaa upesi bila kutoa umeme wa maana. Huko Uingereza, kati ya 2007 na 2009, vinu vidogo 26 vilivyofungwa juu ya majengo vilipimwa katika majaribio ya Warwick. Kwa wastani, tukihesabu na siku vilipozimwa, kila kinu kilitoa wati-saa 214 kwa siku. Paneli moja ya jua ya wati 50 au 60, katika jua letu la Uganda, hutoa karibu kiasi hicho hicho bila kuzunguka na bila kupiga kelele.

Jibu la tatu ndilo zito zaidi. Bati la geji 30 lina unene upatao theluthi moja ya milimita. Limetengenezwa ili lizuie mvua, wala halikutengenezwa ili libebe mlingoti. Dhoruba ya mita 30 kwa sekunde ikikipiga kinu cha kipenyo cha mita 1, msukumo wake hulingana na uzito wa kilo 40 hivi. Na kinu cha mita 2 husukumwa mara nne ya hapo. Mlingoti nao huuzidisha msukumo huo, kama mtu anayeng'oa msumari kwa mtaimbo. Misumari hulegea, tundu hupanuka, na maji huingia ghalani na juu ya magodoro ya askari. Siku ya dhoruba kubwa, paa lote laweza kung'oka likiwa na watu chini yake. Vibanda vya bati vya mviringo, ambavyo polisi huviita yuniporti, havifai kabisa kwa kazi hiyo.

Tukumbuke pia radi. Mwezi Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya wilayani Kiryandongo, radi iliwaua wanafunzi wasiopungua 18. Chuma kirefu juu ya nyumba, kisicho na waya mnene wa kukiunganisha na ardhi, ni hatari kwa wote waliolala ndani.

Na kuna jambo ambalo muuzaji hatalitaja, ila kila askari aliyepata kulinda usiku atalielewa. Mtetemo wa kinu hushuka katika mlingoti, na bati huukuza kama ngozi ya ngoma. Katika majaribio hayo ya Uingereza baadhi ya vinu vilizimwa kwa sababu wakazi walilalamikia kelele. Raia hupoteza usingizi, lakini mlinzi hupoteza sikio, naye sikio ndilo jicho lake la gizani. Kituo kitakuwa kimepata taa na kupoteza tahadhari.

Je, tuseme basi kwamba upepo hauna faida kwetu? La, hasha. Huko huko Karamoja vinu vya upepo vimepata kuvuta maji ya watu na mifugo, navyo vilisimama juu ya minara yake vyenyewe. Hilo ndilo somo la kufuata. Kwanza, upepo upimwe kwa kipima kasi mahali penyewe, masika na kiangazi, kabla fedha haijatolewa. Pili, mlingoti usimikwe ardhini, mbali na nyumba, ushikwe kwa kamba za chuma, na kinu kipite kwa mita 10 hivi kimo cha miti na majengo yote yaliyo karibu. Tatu, uwe na waya wa kuzuia radi na breki ya kukisimamisha kinu dhoruba ikija. Nne, jua liwe tegemeo la kwanza na upepo uwe msaidizi wake wa usiku, vyote vikichaji betri zile zile. Na pale ambapo hapana budi kutumia jengo, mlingoti ufungwe kwenye ukuta imara wa matofali, pawekwe mpira wa kupunguza mtetemo, na bati lisiguswe.

Tunatoa wito kwa makamanda wa vikosi na wakuu wa vituo wasiruhusu askari kupanda juu ya paa na chombo cha kununuliwa kwa michango kabla ya mafundi wa jeshi au wa polisi kukikagua. Fedha ya askari ni ya jasho, na maisha yake hayana bei. Kituo chenye paneli mbili na betri nzima kitasikika saa tisa ya usiku kitakapoita. Kituo chenye kinu kilichovunjika juu ya paa linalovuja kitaita, na hakuna atakayekisikia.