Jina Kwanza, Kutuma Baadaye

Msikilizaji wa Makindu, unayepiga picha za harusi au za Gurdwara, hekalu la Wasikh, kwa simu, andika jina lako juu ya picha kabla ya kuituma. Liandike katikati, juu ya nguo au ukuta, kwani la pembeni hukatwa mara moja. Utasema, siku hizi programu hufuta jina lolote. Ni kweli, lakini mfutaji hana picha asili. Wewe unayo, na ndani yake mna tarehe na saa. Itunze iwe ushahidi wako. Jina kwanza, kutuma baadaye. Nembo ya kampuni ya simu ikitokea kwenye picha, unaweza kuizima kwenye mipangilio ya kamera. Jina la mpiga picha mwenzako usiliguse: Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inakataza kulifuta. Muombe ruhusa ya kutumia picha yake.