Foronya Moja, Siku Nzima

Maneno ya kamati ya fedha kwenye mkutano wa wanachama, Dar es Salaam

Kamati ya fedha tumepewa dakika kumi, na kwa kawaida dakika zetu huwa za kusoma mapato na matumizi huku watu wakiangalia saa. Safari hii hesabu hizo zitachapwa kwenye kijitabu cha mwaka, mtazisoma nyumbani kwa utulivu. Tunaomba tuzungumzie ile meza iliyo mlangoni, yenye foronya za kufuma.

Furushi lile lilipanda basi Lushoto juzi alfajiri, likateremka hadi Mombo na kuja huku pamoja na magunia ya kabichi. Ndani yake mna foronya 60 za mito ya makochi, zimefumwa kwa kroshia na kina mama wa kwetu, kila mmoja nyumbani kwake. Fedha itakayopatikana inakwenda kuezeka chumba cha kusubiria cha wajawazito pale zahanati. Kuta zimesimama, bati hakuna. Juu ya hilo hatukubishana. Tulibishana juu ya bei.

Kwenye kikao cha maandalizi baadhi ya wenzetu walipendekeza Sh 12,000. Hoja yao ilikuwa nyepesi: uzi, kitambaa cha nyuma na vifungo ni Sh 7,000 kwa foronya moja, kwa hiyo Sh 5,000 ni faida ya chama. Kazi yenyewe kina mama wamejitolea, si ni wetu? Kwenye karatasi hesabu hiyo inakaa vizuri sana. Sisi tulikataa kuisaini.

Tulipokwenda nyumbani kukagua ujenzi tulikaa na wafumaji, saa mkononi. Mama anaanza na mnyororo mfupi wa uzi, anaufunga uwe kiduara. Anazunguka akifuma makundi ya mishono mitatu mitatu, na penye pembe anaweka makundi mawili, ndipo duara linageuka mraba. Kipande kimoja cha upana wa sentimita 10 kilimchukua dakika 20, naye ni mtu ambaye mkono wake unakwenda wenyewe huku akikukaripia mjukuu. Upande mmoja wa mto wa sentimita 40 unataka vipande 16, vinne kwa vinne. Hizo ni dakika 320. Kuunganisha vipande na kuficha ncha za uzi ni saa 2 nyingine, na hapo ndipo macho yanapochoka, maana kila mahali rangi ilipobadilishwa pana ncha mbili zinazoning'inia. Kushona kitambaa cha nyuma na vifungo ni dakika 40. Jumlisha: saa 8 kamili.

Saa 8 ni siku ya kazi. Hapa mjini tunaoajiriwa tunailipwa, na tukikatwa hata nusu yake tunakwenda kulalamika kwa meneja. Nyumbani hakuna anayemwita mtu kulima siku nzima kisha akamrudishia bei ya mbegu. Lakini kazi ikifanyika barazani, na mwenye kuifanya akiwa mama, tunaiita kupoteza muda au, tukitaka kumpamba, kujitolea. Kwa bei ya Sh 12,000, chama kikichukua ile Sh 5,000 yote, saa 8 zile zimeandikwa sifuri. Mkaguzi yeyote akiona gharama iliyofutwa hivyo ataweka alama nyekundu.

Wapo waliosema foronya za Kariakoo ni rahisi zaidi, nani atanunua zetu? Ni kweli ni rahisi, na ni nzuri tu kwa kazi yake. Ila zile zimetoka mashineni. Sweta mashine inalifuma, lakini kroshia ya kweli viwanda havijaiweza mpaka leo. Mashine huiga sura yake tu. Kwa hiyo kila mara unapoiona kroshia, hata dukani ng'ambo kwa bei ya kutupa, jua pana mtu aliyeishika fundo kwa fundo. Kama bei ni ya kutupa, tafuta ni nani aliyetupwa.

Na kazi hii imewahi kubeba mambo mazito. Ireland, njaa kuu ilipoanza 1845 baada ya viazi kuoza shambani (sisi wakulima wa viazi tunaelewa maana ya maneno hayo), wanawake walifundishwa kroshia ili wapate kununua chakula. Mji wa Clones ulijulikana kwa kazi hiyo tangu 1847. Kilichotuvutia ni utaratibu wao: nyumba hii ilishika ua, nyumba ile jani, kisha fundi mwingine akakusanya na kuunganisha. Kina mama wetu nao wamegawana hivyo. Wenye macho mazuri wanaunganisha, wengine wanafuma vipande. Ndiyo maana mezani mtaona foronya ambayo kipande kimoja kimebana kuliko jirani yake. Ni mikono miwili tofauti. Wala msishangae foronya ikiubana mto kidogo. Uzi hulegea kadiri unavyoegemewa.

Basi bei tuliyoisaini ni Sh 25,000. Vifaa Sh 7,000, ufundi Sh 10,000, nauli na mfuko Sh 1,000, chama Sh 7,000. Zikiisha zote 60 chama kinapata Sh 420,000. Kwa ile bei ya mwanzo tungepata Sh 300,000, na hapo nauli haijahesabiwa.

Jambo moja tulilisimamia hadi usiku wa manane: ufundi ulipwe kabla furushi halijapanda basi. Umelipwa, Sh 600,000, na kila mama ametia saini au dole gumba kwenye daftari. Maana yake zisiponunuliwa, hasara ni ya chama, si yao. Baada ya kulipwa, baadhi yao walirudisha Sh 2,000, wengine Sh 1,000, kuchangia bati. Hilo ndilo tunaloliita kujitolea: mtu anashika chake mkononi kwanza, kisha anatoa. Wamepewa stakabadhi kama ninyi, na majina yao yatachapwa kwenye orodha ya wachangiaji, katikati ya majina yenu, kwa herufi zile zile.

Kuhusu matunzo, kwa kifupi: uzi uliotumika ni akriliki, fueni kwa mkono, anikeni kwa kulaza juu ya taulo, na pasi ya moto isiusogelee kwani huyeyuka. Anayetaka jozi aseme leo, maana uzi wa rangi ile ile ukinunuliwa siku nyingine hutofautiana kidogo na wa kwanza, na kochini tofauti hiyo inaonekana toka mlangoni.

Sasa hesabu ilivyo. Chama kimeshatoa Sh 1,080,000. Foronya 43 zikiuzwa bado hatujarudisha fedha hiyo. Ya 44 ndiyo ya kwanza kuanza kununua bati. Mpaka tunasimama hapa zimeuzwa 19. Mweka hazina msaidizi yuko pale mezani, anapokea taslimu na malipo ya simu, na meza inafungwa saa kumi na moja.