Tunza Betri, Nayo Ikutunze Stima Inapopotea

Mazungumzo ya afisa wa TEHAMA na wanafunzi wa chuo cha ufundi pamoja na wazazi wao

 

Wengi wenu mlinunua kipakatalishi kwa pesa za chama, kwa mkopo, au mzazi aliuza mbuzi. Stima ikipotea ukiwa katikati ya kazi ya mteja au mtihani wa mtandaoni, betri iliyochoka itakuangusha papo hapo.

Kwanza, tuache ushauri wa zamani wa kumaliza chaji yote ndipo uchaji. Ushauri huo ulikuwa wa betri za nikeli na kadimia. Betri za leo ni za ioni za lithiamu, zilizoanza kuuzwa mwaka wa 1991, na kuzimaliza hadi sifuri kila siku huzizeesha. Ikifika asilimia 20, chomeka chaja. Ikifika 80, yatosha kwa kazi za kawaida. Ukiwa na safari, au mmetangaziwa kwamba stima itakatwa, jaza hadi 100 bila wasiwasi.

Pili, kuna wale ambao kompyuta zao hushinda kwenye stima. Ndani yake kuna kidhibiti kinachozuia chaji kuzidi, lakini kukaa kwenye 100 siku zote huichosha betri. Kompyuta nyingi za sasa zinaweza kusimamisha chaji kwenye 80. Fungua mipangilio ya betri, uangalie.

Tatu, joto. Usiichaji juu ya godoro au mto, kwa sababu matundu ya hewa huzibika. Usiiache ndani ya gari juani.

Nne, ukiiweka muda mrefu bila kuitumia, iache na nusu ya chaji, kisha uizime.

Sasa la hatari zaidi: betri iliyovimba. Utaona kifuniko hakifungi vizuri, au kompyuta inayumba juu ya meza iliyo sawa. Izime, chomoa chaja, umpelekee fundi. Usiitoboe wala kuibonyeza, maana inaweza kulipuka moto. Ile kuukuu usiichome, wala usiitupe jaani ambako watoto huokota vitu. Ipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.

Hakuna betri ya milele. Ikichajiwa mara mamia, nguvu hupungua. Lakini ya kuzeeka mapema ni hasara ya kujitakia. Leo jioni, iweke kompyuta yako mezani uikague.