Usiseme "Mimi ni Mhudumu Tu"

Mazungumzo ya muuguzi na wanafunzi wa sekondari, Kigoma mjini

Kaeni kwa raha, leo sikuja kuwapiga sindano.

Nimeombwa niwaeleze jinsi mtu anavyoweza kufanya kazi ya uhudumu wa wodi huku akijiandaa kuwa muuguzi au daktari. Nitawaeleza, lakini nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Nilimaliza kidato cha nne, kemia ikanitupa. Nyumbani Ujiji pesa ya kunirudisha shule haikuwepo. Baba alikuwa mvuvi wa dagaa, na ninyi mnajua: mbalamwezi ikiwaka, taa haziingii ziwani, na nyumbani sufuria inakaa kimya. Nikapata kazi ya uhudumu katika hospitali moja. Jina lake tuliache. Usiku nipo zamu, asubuhi nalala, jioni nasoma ili nirudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Kazi yenyewe ilikuwa nini? Kutandika vitanda, kupiga deki, kuwaosha na kuwalisha wasiojiweza, kuwageuza ili wasipate vidonda vya kulalia, kupeleka sampuli maabara. Kazi ya heshima, jamani, ingawa wengine wanaiona ya kubeba vinyesi.

Usiku mmoja alilazwa mtoto wa mwaka mmoja hivi, anaharisha. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbadilishia khanga. Saa nane usiku nikaona jambo: khanga ni kavu tangu saa tatu. Mtoto hajakojoa. Macho yamezama, amelegea, kikombe kikiletwa mdomoni hanywi. Muuguzi alikuwa mmoja kwa wodi nzima, yuko upande wa pili na mgonjwa mwingine. Nikajiambia, "Aah, mimi ni mhudumu tu. Wenyewe wanajua." Nikaendelea kudeki.

Karibu na alfajiri bibi wa mtoto akapiga kelele. Watu wakakimbia, mshipa ukatafutwa kwa shida, dripu ikaingia. Mtoto alipona, lakini si kwa sababu yangu. Asubuhi muuguzi aliniuliza swali moja: "Uliona saa ngapi?" Nikamjibu, saa nane. Hakunigombeza. Alinyamaza, na kimya kile ninakisikia hadi leo.

Basi somo la kwanza ni hili: ukiona, sema. Mhudumu ndiye anayekaa na mgonjwa muda mrefu kuliko daktari. Jifunze kuangalia. Mtoto anayeharisha ambaye macho yamezama, amelegea, hawezi kunywa, na ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, huyo ni wa kukimbiliwa sasa hivi. Mtoto anayekohoa, mhesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50 au zaidi, wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40 au zaidi, anapumua haraka mno. Huenda ni nimonia. Huhitaji cheti kuhesabu. Unahitaji saa na moyo wa kujali.

Msidhani kazi hizi ndogo haziokoi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliingia kambi za wakimbizi nchini India. Daktari Dilip Mahalanabis alikuwa kwenye kambi ya Bongaon, dripu zikamwishia. Akachanganya chumvi, sukari na maji safi, akawaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe, kikombe baada ya kikombe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4. Walioshika vikombe walikuwa mama, baba na dada, watu wasiosomea uganga.

Na hapa kwetu je? Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa. Kipindupindu kikalipuka, watu wapatao 30 wakafariki. MV Liemba, meli ile kongwe iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, iliwabeba watu kuwaleta Kigoma, wakapokelewa katika Uwanja wa Lake Tanganyika. Kipindupindu hakizuiwi na madaktari peke yao. Lazima awepo wa kuchanganya klorini, wa kuosha vitanda, wa kunywesha ORS, wa kupima mgonjwa amepoteza maji kiasi gani. Mmoja wao akilala, wodi nzima iko hatarini.

Sasa somo la pili, na hili ni gumu kwa vijana: jua mpaka wako. Ukishaonekana mtaani na sare, Mwanga au Gungu, utaanza kuitwa "dokta". Jirani ataleta sindano na kichupa cha dawa: "Mwanangu, nichome tu, hospitali ni mbali." Atakupa na pesa. Kataa kwa adabu, msindikize kituo cha afya. Dawa isiyo sahihi inaua, na kwa sheria ya uuguzi na ukunga ya mwaka 2010, kazi ya muuguzi inafanywa na aliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga akapewa leseni. Hata ndani ya wodi, ukiambiwa ufanye jambo ambalo hukufundishwa, sema, "Sijafundishwa, naomba unionyeshe au afanye mwingine." Kumbe kusema "sijui" na kusema "nimeona" ni ujasiri wa aina moja.

La tatu, jilinde. Glovu si pambo. Sindano iliyotumika haifunikwi tena kwa mkono, inatupwa kwenye kisanduku cha usalama. Ikikuchoma, osha kwa maji na sabuni, usikamue, toa taarifa papo hapo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, wala zisipite saa 72, na humezwa siku 28. Usifiche kwa kuogopa kugombezwa! Na linda siri. Kigoma ni ndogo, mgonjwa uliyemwona wodini utakutana naye sokoni. Ulichokiona wodini kibaki wodini.

Haya, na masomo? Nitasema kweli: yanachosha. Vitabu vilinianguka mikononi mara nyingi. Lakini wodi yenyewe ilinifundisha. Kila zamu nilichagua jambo moja nililoliona, nikalitafuta kitabuni. Siku moja niliuliza kwa nini ORS ina sukari wakati anayehitajika ni chumvi na maji. Nikaelezwa kwamba sukari huisaidia chumvi kupita kwenye ukuta wa utumbo, na maji hufuata. Kemia iliyonitupa darasani nikaikuta kwenye kikombe! Niliporudia mtihani, sikukariri tena, nilikuwa naona watoto wangu wa wodini. Nikafaulu.

Kwa hiyo ninyi mlio darasani, msizidharau biolojia, kemia na fizikia, maana ndizo zinazofungua mlango wa vyuo vya afya. Someni mwongozo wa udahili wa NACTVET wa mwaka wenu, msitegemee maneno ya vijiweni. Vyuo si lazima vya mbali. Hata Kabanga, wilayani Kasulu, kuna chuo cha afya. Mkishaingia chuoni mjue kwamba masomo na mazoezi ya wodini hujaza siku nzima. Kazi ya kujitafutia ada ni vizuri uifanye kabla, au wakati wa likizo, kwa makubaliano. Mtu anayelala wima hawezi kumtunza mgonjwa.

Mkienda Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone, walimu huwaambia kwamba Stanley alimkuta hapo mwaka 1871. Ongezeni hili: huyo Livingstone alianza kazi katika kiwanda cha pamba huko Uskochi akiwa na miaka 10, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, kitabu kakiegesha juu ya mashine. Alipokuwa akisomea udaktari mjini Glasgow alirudi kiwandani kutafuta ada. Kufanya kazi huku unasoma si aibu ya maskini wa leo.

Yule mtoto wangu wa khanga kavu sijui yuko wapi. Akiwa hai, sasa ni mtu mzima. Kila ninapokabidhi zamu huwa namwita mhudumu kwanza, namuuliza, "Usiku umeona nini?" Akianza, "Mimi ni mhudumu tu, lakini..." namkatisha hapo hapo. Ondoa "tu". Endelea.

Maswali sasa, na asiwepo wa kuona haya.