CHUPA YA DAWA NAYO IPIMWE
Hotuba iliyosomwa na fundi mmoja wa reli mbele ya wanachama wa tawi letu



Leo sikusimama kusema juu ya mshahara. Nimesimama kusema juu ya chupa ya dawa. Mimi si daktari, ni fundi wa breki. Lakini kazi yangu imenifundisha maana ya kupima kitu kabla hakijamfikia mtu.

Mwaka jana mtoto wangu alilazwa hospitalini. Dawa yake ya moyo ilipatikana kwa vidonge vya watu wazima tu. Basi walivisaga palepale, wakafanya dawa ya maji, nikapewa chupa. Haikuwa na tarehe wala namba. Nilirudi dirishani nikauliza, "Mama, hii ilitengenezwa lini?" Yule mama hakukasirika. Aliitazama, akaiweka kando, akaniletea nyingine iliyoandikwa vizuri. Labda ile ya kwanza ilikuwa njema. Lakini "labda" si neno la kumnywesha mtoto.

Ndugu zangu, hospitali ikichanganya dawa, siku hiyo imekuwa kiwanda. Na kiwanda lazima kiwe na wapimaji.

Nitawapa mfano wa Uingereza. Mwaka 1972, katika hospitali moja mjini Plymouth, wagonjwa 5 waliotiwa dripu ya maji ya sukari walikufa. Chupa zile zilikuwa na vijidudu. Zilitoka kiwandani, na zilikuwa zimepitishwa katika tangi la mvuke ili vijidudu vife. Lakini hewa ilibaki ndani ya tangi, na chupa za chini hazikupata joto la kutosha.

Wazee wetu wa treni za moshi wangelielewa jambo hili upesi. Mvuke safi unaofikia joto la digrii 121 kwa dakika 15 huua vijidudu. Ukichanganyika na hewa, geji ya nguvu ya mvuke yaweza kusoma vizuri, na joto lisiwepo.

Linaloniuma ni hili. Kipimo kimoja kilikataa kuonyesha joto kupanda. Watu walidhani kimeharibika, wakaamini kingine, kazi ikaendelea. Kumbe kile kilichodharauliwa ndicho kilichosema kweli. Sisi pia tunajua mazoea ya namna hiyo: "Geji hiyo huwa hivyo siku zote, twende tu."

Tena msidhani kupima chupa chache mwishoni kunatosha. Chupa ya juu haiwezi kutoa ushahidi wa chupa ya chini. Dawa hulindwa tangu mwanzo: maji yawe safi, kila kitu kipimwe kwa mizani na kuandikwa, mtu wa pili asome hesabu na kutia sahihi, chupa ipewe namba, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho. Kisha dawa iwekwe kando mpaka mfamasia aseme itoke. Na aliyeitengeneza asiwe yeye anayeipitisha.

Kama kiwanda kikubwa kiliweza kukosea, je, chumba kidogo chenye mtu mmoja usiku, na foleni dirishani? Hapo simlaumu mfanya kazi. Naye ni mwenzetu. Mtu anayepima peke yake, akachanganya peke yake, akapitisha peke yake, hana wa kumwonya. Treni yetu haiondoki mpaka breki zipimwe, hata abiria wakipiga kelele. Mchanganya dawa naye apewe haki hiyo ya kusema, "Ngojeni kwanza."

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza, kila mmoja wetu akipewa dawa iliyochanganywa hospitalini, asome karatasi ya chupa: jina la mgonjwa, jina la dawa, kipimo, tarehe, na mahali pa kuiweka. Nyingi za dawa hizo hazikai muda mrefu. Lisipoandikwa jambo, uliza kwa adabu, lakini usiondoke bila jibu. La pili, tawi letu liiombe hospitali inayotutibu iweke mtu wa pili wa kukagua dawa, mchana na usiku.

Mtoto wangu amepona, ashukuriwe Mungu. Ile chupa ya kwanza ningali naifikiria.